Haikuwa Nguo

(Simu inaita kwa muda. Inapokelewa. Kitu kinaanguka.)

Dobi: Haloo? Nani mwenzangu?

Msusi: Haloo! Da' Mkubwa?

Dobi: Nani?

Msusi: Ni mimi. Wa barazani.

(Simu inakwaruza sakafuni.)

Msusi: Msusi wako, Da' Mkubwa. Umeshanisahau sauti?

Dobi: Sijaisahau.

Msusi: Shikamoo basi.

Dobi: Marahaba. Ngoja, simu imeangukia chini ya kiti, naivuta kwa kiwiko. Ngoja... Haya. Nimeiegemeza kwenye kikombe, nimeweka spika. Sema.

Msusi: Spika ya nini tena? Nani yuko hapo?

Dobi: Hakuna mtu. Binti yangu ametoka kidogo, kaenda dukani. Niko na mjukuu.

Msusi: Mjukuu! Jamani, ameshazaliwa? Wa kike au wa kiume?

Dobi: Wa kike. Ana wiki saba.

Msusi: Hongera bibi! Wiki saba na mimi sina habari, hata salamu sijatumiwa—

Dobi: Nani angekutumia?

Msusi: Eeh. Kweli. (Mtandao unakwaruza.) Haloo? Unanipata? Niko nyuma ya tangi la maji hapa, mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa.

Dobi: Nyuma ya tangi unafanya nini? Barazani kwako si ndiko mtandao ulikuwa mzuri? Nyumba nzima ilikuwa inakuja kupigia simu hapo.

Msusi: Barazani kuna watu.

Dobi: Ahaa.

Msusi: Ila wangekusikia hapa wangefurahi! Tangu uondoke, Da' Mkubwa, nyumba imekuwa vichekesho. Kila mtu anajifulia. Fundi Saa shati lake jeupe sasa lina rangi ya chai. Juzi kaenda nalo harusini, watu wakadhani ndiye aliyekuja kuchimba choo—

Dobi: Mdogo wangu.

Msusi: —na Redio naye, si unamjua Redio wa chumba cha kona asivyoweza kukaa na neno, akamwambia mbele za watu—

Dobi: Mdogo wangu. Miezi mitatu hujanipigia. Leo hukunipigia kuniambia habari za shati la Fundi Saa.

(Mtandao unakwaruza.)

Msusi: Bwana Afya amekuja.

Dobi: Wapi?

Msusi: Hapa nyumbani. Mwenye nyumba ndiye aliyemwita. Watu bado wanajikuna, Da' Mkubwa.

Dobi: Bado?

Msusi: Bado. Ulipoondoka tukasema haya, sasa yataisha. Wiki ikapita, mbili zikapita, watu wako vile vile, mapaja mekundu, tumbo limechorwa kama ramani. Redio akawa analala amevaa soksi mikononi asijichubue.

Dobi: Na mimi sipo.

Msusi: Na wewe hupo.

Dobi: Endelea.

Msusi: Bwana Afya kafika na selotepu. Nikadhani anatutania. Anaibandika ukutani pale juu, penye ufa wa dari, anaibandua, anaibandika kwenye ubao wa kitanda, anaibandua. Kisha akamwomba Fundi Saa ile miwani yake ya jicho moja. Tukapanga foleni kuangalia. Da' Mkubwa, ni vidude! Vidogo kama vumbi, lakini vumbi linalotembea. Vingine vyeupe, vingine vyekundu. Vile vyekundu, kasema, vimeshakunywa.

Dobi: Vimekunywa nini?

Msusi: Sisi. Anasema ni utitiri wa panya.

Dobi: Utitiri si wa kuku?

Msusi: Nami nilimwambia hivyo hivyo! Akasema kuku wana wao na panya wana wao. Huo unakaa na panya huko darini, unamnyonya panya, wala hauna habari na mtu. Sasa panya akifa, unabaki na njaa. Unashuka kwenye nyufa, unatafuta damu yoyote. Unauma, unakunywa, unaondoka. Haukai mwilini. Hauzaani kwa mtu. Wala mtu hamwambukizi mwenzake.

Dobi: Rudia hapo.

Msusi: Mtu hamwambukizi mwenzake.

Dobi: Na nguo?

Msusi: Nguo hazikuwa na kitu. Ukizifua na kuzianika juani ndiyo kabisa.

Dobi: Lakini vipele vilikaa kiunoni. Kwapani. Penye mkanda wa sidiria. Ulikunja mkono wa blauzi pale bombani, watu wote wamesimama na ndoo zao, ukasema tazameni, vimefuata mshono. Maneno yako hayo. Vimefuata mshono.

Msusi: Utitiri unapenda kujibana penye joto. Nguo inapobana ndipo—

Dobi: Kwa hiyo haikuwa nguo.

Msusi: Haikuwa nguo.

Dobi: Na Mwalimu?

Msusi: Mwalimu kafanyaje?

Dobi: Mwalimu alikuwa anajifulia mwenyewe tangu ahamie. Hakuwahi kunipa hata leso. Na alikuwa anajikuna kuliko nyinyi nyote. Nilimsikia usiku ukutani, kwarr, kwarr.

Msusi: Hakuna aliyemuuliza, Da' Mkubwa.

Dobi: Hata mimi sikumuuliza. Ndilo linaloniumiza. Nilikuwa nimeshaamini.

(Mtandao unakatika, unarudi.)

Msusi: —sikii, umesema umeamini nini?

Dobi: Kwamba ni mimi! Nguo zenu nilizirudia zote, mara tatu, bure. Mara ya kwanza kwa maji ya moto. Mara ya pili nikazichemsha. Mara ya tatu nikatia dawa ya madoa, ile ya kufanya nguo nyeupe, kipimo cha pipa nikakitia kwenye beseni. Mkaendelea kujikuna. Nikasema basi, nguo ni safi, mchafu ni mwenye mikono.

Msusi: Jamani, Da' Mkubwa...

Dobi: Nikaanza kuiloweka.

Msusi: Kuloweka nini?

Dobi: Mikono. Kwenye ile dawa. Asubuhi na jioni. Hata nilipohamia huku kwa binti yangu, nilikuwa nafunga mlango, naloweka. Nahesabu mpaka mia tano.

Msusi: Mpaka mia tano!

Dobi: Ikaanza kupauka, halafu ikapasuka, halafu ngozi ikawa inatoka kama gamba la kitunguu. Sasa imefungwa bandeji mpaka hapa kwenye kifundo. Daktari anasema ngozi itarudi taratibu. Vidole viwili vya kulia havikunjiki, hivyo hajui kama vitapona.

Msusi: Unafuaje sasa?

Dobi: Sifui.

(Mtoto anaanza kulia.)

Msusi: Ndiye huyo? Jamani sauti! Huyo atakuwa mpiga mbiu.

Dobi: Atanyamaza.

Msusi: Ana njaa?

Dobi: Ameshiba. Anataka kubebwa tu. Atanyamaza, au mama yake atarudi.

Msusi: Si umbebe! Hata kwa mikono ya bandeji, mtoto wa wiki saba ana uzito gani—

Dobi: Huwa simbebi.

Msusi: Humbebi kwa sababu ya maumivu?

Dobi: Hapana.

(Mtoto analia.)

Dobi: Mama yake ananilazia pale kitandani, mimi nakaa huku kwenye kiti. Akilia namwimbia. Anageuza kichwa ananitafuta. Kikombe changu hapa nimekifunga uzi mwekundu, nisije nikakichanganya na vyao. Binti hakuniambia nifanye hivyo. Ni mimi mwenyewe.

Msusi: Wiki saba zote?

Dobi: Nilimwona alipozaliwa. Mkunga akaniletea, chukua bibi, nikaficha mikono mgongoni. Akashangaa.

Msusi: Da' Mkubwa. Nenda kambebe.

Dobi: Unasema tu.

Msusi: Huna kitu! Bwana Afya kasema, hujawahi kuwa na kitu. Mbebe! Mimi nasubiri hapa hapa. Nenda.

(Kiti kinakwaruza sakafu. Mtoto analia, kisha analia kidogo, kisha ananyamaza.)

Msusi: Haloo? Da' Mkubwa?

Dobi: Nipo.

Msusi: Umembeba?

Dobi: Ana joto.

Msusi: Ndivyo walivyo.

Dobi: Ananusanusa shingo. Anatafuta kitu ambacho bibi hana. (Anacheka, sauti inakatika.) Usiongee kidogo. Nyamaza kidogo tu.

(Kimya.)

Dobi: Haya. Sema sasa. Sema pole pole, asishtuke.

Msusi: Nilikuwa nasema, urudi. Chumba chako hakijapangishwa. Beseni zako ziko pale pale chini ya ngazi, nimezifunika mwenyewe. Bwana Afya kapuliza dawa, mafundi wameziba nyufa, na Jumamosi asubuhi anakuja kukagua mara ya mwisho, nyumba nzima itakusanyika. Njoo siku hiyo. Watu wakuone. Hata mwenye nyumba amelainika, anasema amekusamehe.

Dobi: Amenisamehe nini?

Msusi: Yaani... anasema yaliyopita—

Dobi: Umeniambia haikuwa nguo. Sasa ananisamehe nini?

Msusi: Wale kuku wake wawili.

Dobi: Kuku waliokufa? Kuku nimewafanya nini mimi?

Msusi: Si unajua watu, Da' Mkubwa. Bwana Afya kavunja dari amekuta panya kumi na mmoja wamekauka. Akasema panya hawafi wote kwa mkupuo, hapa kuna mtu ameweka kitu. Watu wakatazamana. Ndipo Redio akasema, si yale maji ya dawa ya dobi, aliyokuwa anamwaga mferejini? Panya wakayanywa, kuku wakayanywa. Ikaonekana ina akili.

Dobi: Ikaonekana.

Msusi: Redio huyo, si unamjua.

Dobi: Na wewe ukasema nini?

Msusi: Mimi?

Dobi: Wewe, ndiyo.

Msusi: Nilikuwa namsuka mtu. Nikasema... huenda.

Dobi: Ukasema huenda.

Msusi: Huenda! Sikusema ndiyo. Nilisema huenda, hata kwa sauti ndogo.

(Mtandao unakwaruza.)

Dobi: Dawa ya madoa nilianza kuitumia watu wakiwa wameshajikuna wiki tatu. Panya walikuwa wameshakufa.

Msusi: Hakuna aliyehesabu wiki, Da' Mkubwa.

Dobi: Nimefua miaka kumi na tisa. Unajua nimekuta nini mifukoni mwa watu? Nimekuta barua. Nimekuta pete. Nimekuta meno ya bandia ya mume wa mtu, kwenye suruali ambayo haikutoka kwa huyo mtu. Vyote nimevikunja na nguo, nikavirudisha, mdomo nikaufunga.

Msusi: Najua. Kila mtu anajua.

Dobi: Aproni yako ya zambarau. Mfuko wa kushoto. Pakiti ina picha ya panya amelala chali. Ilikuwa imebaki nusu. Nikaifunga kwenye gazeti isimwagikie wateja wako, nikaiweka chini ya aproni iliyopigwa pasi.

Msusi: Nilidhani... nilidhani ni mimi niliyeifunga kwenye gazeti.

Dobi: Si wewe.

Msusi: Walikuwa wananimaliza, Da' Mkubwa! Rasta zangu zote za kusukia, mabunda kwa mabunda, wanayavuta darini. Bwana Afya alipoteremsha kile kiota, kilikuwa rasta tupu, nyeusi, kahawia, nyekundu. Panya wangu walilala wamependeza kuliko wateja. Nikatia sumu kidogo tu, juu ya dari, usawa wa chumba changu. Nitajuaje panya mmoja ataangukia uani kuku wamdonoe?

Dobi: Na kuku walipokufa, mwenye nyumba akasimama uani akasema aliyeweka sumu atatoka leo hii na kitanda chake kichwani.

Msusi: Nakumbuka.

Dobi: Nilikuwa nimesimama hapo, nakamua shuka. Ulinitazama. Na mimi nikaitazama shuka.

Msusi: Sikujua kama unajua.

Dobi: Wiki ile ile ndipo ulipokunja mkono wa blauzi.

Msusi: Haki ya nani, habari za utitiri sikuwa nazo! Nilikuwa najikuna kama wenzangu. Nilidhani kweli ni nguo. Naapa kwa mama yangu—

Dobi: Usiape. Hukujua, nakubali. Hata mimi sikujua, ningejua ningeachaje kusema? Sumu ni sumu, vipele ni vipele, nani angevifunga pamoja. Siku ile hukujua. Bwana Afya amekuja lini?

Msusi: Nini?

Dobi: Siku gani? Jana? Juzi?

Msusi: Mtandao huku, Da' Mkubwa, sikupati—

Dobi: Unanipata vizuri.

Msusi: ...Wiki mbili zilizopita.

Dobi: Wiki mbili.

Msusi: Nilikuwa nautafuta mdomo wa kukwambia. Kila siku nashika simu—

Dobi: Wiki mbili, mdogo wangu. Siku kumi na nne nimekaa kwenye kiti namwimbia mtoto kwa mbali. Alipofikisha siku arobaini walipiga picha. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

Msusi: Nisamehe.

Dobi: Alianza kucheka wiki iliyopita. Binti yangu akaniita, mama njoo umwone kwa karibu. Nikasema naona kutoka hapa.

Msusi: Nisamehe, dada yangu. Nisamehe. Nitafanya nini? Niambie nifanye nini.

Dobi: Jumamosi watu wamekusanyika, simama pale bombani. Pale pale. Sema, 'Sumu niliweka mimi.' Basi. Sitaki unilipe kitu, sitaki unililie.

Msusi: Atanitoa.

Dobi: Huenda.

Msusi: Sio huenda! Atanitoa siku hiyo hiyo. Baraza ndiyo kazi yangu, wateja wamenizoea hapo miaka saba. Niende wapi na vichana na kioo? Mama yangu anatumia dawa kila siku, namlisha kwa hii hii mikono—

Dobi: Nami nilikuwa nakula kwa mikono.

(Msusi anavuta kamasi.)

Msusi: Utamwambia wewe? Namba yake unayo.

Dobi: Ninayo.

Msusi: Utampigia?

Dobi: Cha mfukoni mwa mtu sijawahi kukisema. Sitaanza leo nikiwa nimebeba mtoto. Kiseme mwenyewe.

Msusi: Haya. Nitasema. Jumamosi nitasema. Ngoja nijipange tu, nitafute maneno ya kuanzia, maana unamjua alivyo, ukianza vibaya—

Dobi: Anza na jina lako.

Msusi: Nitaanza na— (Mbali na simu.) Abee! Niko huku, mwenye nyumba! Nyuma ya tangi! ...Hapana, naongea na simu tu. ...Mteja. Ni mteja, mama, anauliza bei.

Dobi: Nimesikia.

Msusi: (Sauti ya juu, ya kuchangamka.) Eeh dada, nilikuwa nakwambia, hiyo mitindo yote nasuka!

Dobi: Amesimama hapo?

Msusi: Ndiyo dada.

Dobi: Mpe simu.

Msusi: Aa, hiyo rangi sina, dada.

Dobi: Sitamwambia neno. Mpe nimsalimie tu, aseme na yeye kwamba haikuwa nguo. Nisikie mtu mwingine akisema.

Msusi: Imekwisha kabisa, dada yangu. Hata sokoni haipatikani siku hizi.

Dobi: Unalia?

Msusi: Mafua tu, dada. Vumbi la hapa.

Dobi: Na Jumamosi?

Msusi: Jumamosi...

Dobi: Jibu hili tu. Jumamosi utasema au hutasema?

Msusi: Jumamosi watu wanakuwa wengi sana, dada. Siwezi kukuahidi. Labda... labda ujaribu kwa msusi mwingine.

(Mtoto anatoa sauti ndogo.)

Dobi: Mama yake huyo anafungua geti. Atanikuta nimembeba, nitahitaji kumweleza. Nitamwambia ni utitiri wa panya. Mengine sitamwambia.

Msusi: Asante. Asante sana, dada.

Dobi: Kwaheri, mdogo wangu.

Msusi: Haya dada, karibu tena. Usitupe namba yangu. Wakati wowote, karibu, utanikuta hapa hapa baraza—

(Mlio. Salio limekwisha.)